Visoda vya Mlango wa Baba

Geita, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado unalibembeleza kwa maji ya moto? Huku tunaamka salama, ila Baba kumbukumbu zinazidi kumponyoka. Jana kaniita kwa jina la marehemu mdogo wake. Nikaitika tu.

Nilikuahidi kumrudisha kwako Samuye kwa pikapu yake ya ujanani, nikitumaini akiiona akili itamtulia. Nimeifufua. Injini haikunisumbua kama klipu za kushikia kava za milango, maana za asili hazitengenezwi tena. Wauza skrepa wa Kahama walifika mahali wakiniona wanajificha. Nilizipata Chato, kwenye gari bovu wanamolala kuku. Basi nikang'oa skrubu alizopiga Baba zamani mlango wa dereva klipu zilipokatika, na vile visoda vinne vya chupa alivyovibana chini yake. Mama, mimi niliona uchafu. Nikavitupa, lori la skrepa likabeba.

Nikamleta Baba. Akapitisha kiganja kwenye kava, akarudia, akarudia tena. Akagoma kupanda.

"Hili si langu. Watoto wangu umewapeleka wapi?"

"Watoto gani, Baba?"

Akagusa pale palipokuwa na kisoda cha kwanza. "Minza." Akasogeza kidole. "Kulwa. Doto. Shija. Kila mmoja na soda yake ya ubatizo."

Kumbe ni visoda vya ubatizo wetu! Ulijua, Mama? Jina langu lilimtoka bila kusita, nami nimesimama mbele yake hanijui. Nililia, fundi mzima na grisi mikononi.

Klipu zangu za asili nimezichomoa. Nimenunua soda, nikafunga kisoda cha dada, changu, na cha mdogo wetu. Cha Kulwa mkono umekataa. Tangu duara, lile shimo la machimbo ya dhahabu, limfukie pacha wangu, kila kitu chake kinanishinda. Tundu lake nimeliacha wazi. Baba alilipapasa, akaingiza kidole, akakubali kupanda.

Tunakuja Jumamosi. Nisalimie dada Minza, Shija, na shangazi anayekusaidia ng'ombe.

Skrubu ninayo mfukoni. Wewe tafuta kisoda, Mama, umfungie Kulwa kwa mkono wako. Ukikuta Baba bado ameweka kidole pale, usimharakishe kushuka.

Mwanao,
Doto