Bunduki Ambayo Bado Sijainunua

Mama Amoit,

Kesho ni Ijumaa, na kesho nimeahidi kumpa Etyang wa Amagoro jibu lake. Anauza bunduki. Ni bunduki ya marisau, ya aina ile ambayo mtu huuvuta mkono ulio chini ya mtutu na kuurudisha kabla ya kufyatua, nayo imechakaa. Nimeikagua. Kibali cha serikali cha kuinunua ninacho. Mwanao ananisukuma niinunue. Nami siwezi kusema ndiyo wala hapana. Ungekuwapo, ungenikata kauli kabla sijafika katikati ya maelezo. Hupo. Kwa hiyo nitakueleza yote kwa utaratibu, na mahali nitakapokwama unisubiri.

Nianze na ng'ombe. Wezi wa siku hizi hawangoji giza, wanangoja mvua. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, mtu hasikii hata anayezungumza naye, na nyayo hufutika kabla ya kufuatwa. Walikuja katika mvua ya namna hiyo, muda mfupi baada ya kukuzika. Nilikuwa barazani, upande ule ulikokuwa ukianika mihogo. Niliwaona wanaume watatu wakimfungua yule mweusi, yule uliyemkamua mwenyewe kwa sababu kila mtu mwingine alimpiga teke. Wakamswaga kuelekea mtoni. Ng'ombe akishavuka mto ule yuko Uganda, na akishafika Uganda ni ng'ombe wa mtu mwingine.

Nilipaza sauti. Nilisema, "Majirani, wezi wanachukua ng'ombe wangu, njooni mnisaidie!" Nikarudia mpaka kifua kikaniuma. Hakuja mtu.

Mvua ilipokatika nilikwenda kwa Nekesa, yule mjane wa ng'ambo ya migomba yetu, nikamuuliza kwa ukali kama alikuwa kiziwi.

"Nilikusikia, Mwalimu," akanijibu. "Nikafikiri unagombeza mtu. Ulikuwa unaongea vizuri sana."

Nikamwambia nilikuwa naibiwa.

"Mwenye anaibiwa haongei hivyo! Nduru haina maneno. Mama Amoit angepiga moja tu, hata watu wa Amukura wangefika na majembe."

Ni kweli. Siku jiko letu liliposhika moto, ulipiga nduru moja ukiwa na mwiko mkononi, na kabla sijapata ndoo uwanja ulikuwa umejaa. Jirani yetu Papai alifika kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, kinyozi akimfuata nyuma na mkasi. Ulimcheka mpaka ukakaa chini, moto ukiwa bado unawaka. Hivyo ndivyo watu wetu walivyo: anayesikia nduru huacha alichoshika na kukimbia, na asiyekimbia huulizwa alikuwa wapi. Lakini katika nyumba yetu sauti hiyo ilikuwa yako. Mwanamume wa umri wangu hapigi nduru. Sijui hata inaanzia wapi kooni.

Nikampigia Omuse simu kule Nakuru. Unamjua mwanao, aliamua kabla sijamaliza.

"Baba, nunua kitu. Hao watu wakirudi watakuua juu ya ng'ombe. Kama hutaki, basi ukuje tukae na wewe huku."

Kuhama siwezi. Kaburi lako liko hapa, chini ya dirisha la chumba chetu, na siwezi kukuacha umlindie mgeni shamba. Ndipo nikaomba leseni. Nilifuata kila hatua. Askari walikuja kukagua mahali ambapo bunduki ingewekwa, wakasema ni lazima pawe na kasha la chuma lililofungwa ukutani. Ukuta pekee ulio imara ni ule uliokuwa na kabati lako la vyombo. Nililitoa kabati. Vikombe vyako nimevifunga kwa magazeti, viko kwenye katoni chini ya kitanda. Kasha liko ukutani, tupu, na kila nikitaka chai mkono wangu unakwenda kulifungua.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Niliona si haki kuleta silaha kijijini kwa siri. Katika baraza la naibu chifu nikasimama, nikaeleza nia yangu, nikauliza kama kuna jirani mwenye pingamizi. Naibu chifu mwenyewe alininong'oneza, "Mwalimu, hii si lazima." Nikasema ni lazima. Nikasubiri. Hakuna aliyesema neno. Nikashukuru, nikaketi, nikidhani nimekubaliwa. Wewe ulikuwa ukiniambia siku zote kwamba watu wetu wakinyamaza hawajakubali, wamekwenda tu kuzungumzia mahali pengine. Sikukumbuka.

Tangu siku hiyo mimi ni mwenye bunduki. Kanusho langu halisikilizwi. Wanawake waliokuwa wakikatiza uwanjani kwetu wakienda soko la Malaba sasa wanazunguka kwa njia ya barabarani, na mizigo kichwani. Papai, ambaye kila Jumapili alikuja kuazima gazeti langu na kula chapati zetu, anasimama langoni na kupiga kelele: "Mwalimu, ni mimi Papai! Mikono yangu iko juu! Usinimalize kabla sijasoma kurasa za michezo!" Anacheka. Haingii. Vijana wa bodaboda pale Amagoro wananiita Mzee wa Mashine. Niliwaambia kwamba sina bunduki yoyote. Mmoja akajibu, "Sawa mzee, hata mimi sina pikipiki," na wote wakaangua kicheko.

Nilimuuliza Nekesa kwa nini watu wananikwepa. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua macho.

"Mimi nikisikia kelele kwako kwa mvua, nitakuja kufanya nini? Unipige ukidhani mimi ni mwizi? Macho yako yenyewe ni ya miwani."

Niliivua miwani, nikaifuta. Naitaka bunduki kwa sababu niliita na watu hawakuja. Nikiinunua, hawatakuja kamwe.

Hata hivyo nilikwenda kuiona. Etyang ni mzee kama mimi, alipata leseni yake miaka mingi iliyopita kwa ajili ya shamba, na sasa anahamia kwa binti yake. Aliitoa, akahakikisha mbele yangu kwamba haina risasi, akanikabidhi. Rangi nyeusi ya mtutu imekwisha, umebaki mweupe kama sufuria iliyosuguliwa. Kitako kimepasuka, kimefungwa kwa mpira wa tairi. Nilipouvuta ule mkono ulirudi vizuri. Nilipouvuta tena ukakwama katikati, na ikabidi Etyang aupige kwa kiganja ndipo uende. Ndani ya mtutu nikaona kutu.

"Inataka tu mtu wa kuizoea," akasema. "Hii ni kama ng'ombe. Ukiwa mgeni inakusumbua."

Nikamuuliza kama iliwahi kumsaidia. Akajivuna. "Mwalimu, angalia mbwa wangu. Hawajui kubweka. Watabwekea nani?"

Nikageuka kutazama njia niliyoingilia. Ilikuwa imeota nyasi za kufika magotini, na katikati ya nyasi zile kulikuwa na mfuo mmoja tu, uliofanywa na miguu yangu asubuhi ile. Etyang akaniuliza kama tutakunywa chai, kisha akaniomba nisiondoke upesi. Aliniomba mara ya pili nilipokuwa nimekwisha kusimama. Nilitaka kumrudishia bunduki yake papo hapo na kusema hapana. Badala yake nikasema nitampa jibu Ijumaa, maana akilini nilimwona yule mweusi akiswagwa mvuani, na mimi nikitoa hotuba barazani kwetu.

Kama mambo yangeishia hapo, ningeweza kuamua. Lakini juzi Jumanne, alasiri, mvua ilipokuwa imepamba moto, nilisikia nduru kutoka kwa Nekesa. Nduru yenyewe, ile isiyo na maneno. Nilivaa koti langu refu la mvua, nikachukua mpini wa jembe, nikakimbia. Umri huu unanikimbiza vibaya, Mama Amoit, nilifika nikihema. Watu wengi walikuwa wamekwisha kufika. Wezi walikuwa wamekata kamba za mbuzi wake na kuingia nao kwenye mahindi, upande wa mto, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia kwenye mahindi yale yaliyomzidi mtu kimo.

Papai akaniona. Akauona mpini ukitokeza chini ya koti.

"Mwalimu amefika na mashine! Pisheni! Mwalimu, tangulia!"

Wakanipisha. Wote. Watu walionikwepa tangu baraza sasa walinishika mabega na kunisogeza mbele. "Tangulia, Mwalimu. Tuko nyuma yako." Nilifungua kinywa kusema sina kitu, nikakifunga. Kama ningesema, nani angeingia? Na kama hakuna ambaye angeingia, mbuzi wa mjane yule walikuwa wamekwenda. Nikaingia. Sikuona chochote mbele ila majani na maji. Nilishika mpini ndani ya koti kwa mikono miwili, na nilikuwa na hakika kwamba nakuja kulala karibu nawe siku hiyo hiyo. Nyuma yangu Papai alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote: "Mwalimu, piga! Piga wa kwanza! Usibakishe!"

Wakakimbia. Nilisikia mahindi yakivunjika mbele, kisha maji yakirushwa mtoni, kisha mbuzi wakilia. Wote walipatikana.

Watu wakashangilia. Wakaimba jina langu wakinirudisha uwanjani, nami nikasimama mbele ya mlango wa Nekesa, nikaanza kufungua vifungo vya koti ili waone. Nilitaka waone. Nekesa akanijia kana kwamba ananishukuru, akatazama ndani ya koti, akauona mpini. Uso wake ukabadilika. Akavifunga vile vifungo haraka kwa mkono wake mwenyewe, akanong'ona:

"Wewe mzee! Uliingia na huu mti?"

"Nimewaambia kila siku kwamba sina," nikamjibu.

"Nyamaza sasa. Wakijua huna, hao wezi watajua kesho. Wacha waogope. Umenisikia? Wacha waogope wote."

Kisha akageuka, akawaambia watu kwa sauti, "Mwacheni Mwalimu apumzike, mashine yake imelowa!"

Tangu Jumanne naishi ndani ya uongo ambao sikuusema. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote kwamba asemaye uongo hujifunga mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unaweza kufungwa kwa uongo wa wengine, nao wakafurahi. Mama mmoja ameniletea kuku. Papai anasimulia sokoni kwamba niliwaonyesha mtutu. Nikiinunua bunduki, uongo utakuwa kweli na njia ya kwetu itaota nyasi. Nisipoinunua na nikanyamaza, nyasi zitaota vilevile, na siku moja watakuja wengine, si kwa ng'ombe, bali kwa bunduki yenyewe, nao hawataamini nitakapowaambia kwamba kasha ni tupu. Nikisema kweli, nimewavua majirani zangu kinga pekee wanayoiamini, na Nekesa ndiye atakayelipa kwanza.

Nimekaa na mambo haya tangu asubuhi. Malori yamepanga foleni mpaka huku kwetu, yakingoja kuvuka kwenda Uganda, na madereva wamelala chini yake. Nilikuwa nikiwatazama, nikafikiri kwamba wao angalau wanajua wanachokingoja.

Basi sikia nilivyoamua. Kesho asubuhi nitampigia Etyang nimwambie hapana. Atasema mimi ni mwoga, nami sitabishana naye. Lakini nitakwenda kumtembelea kabla hajahama, kwa sababu chai ile hatukuinywa.

Na Jumamosi wanawake wa jumuiya yako ya kanisani wanakuja kupalilia kaburi lako na kupanda maua. Papai nimemwita asaidie kubeba mawe, naye ameahidi kuingia mpaka ndani maana atakuwa katikati ya wanawake. Nitawaambia wakiwa hapo, mbele yako, ili nisipate mahali pa kurudi nyuma. Nitalifungua kasha walione. Nitawaambia kwamba Jumanne niliingia kwenye mahindi na mpini wa jembe, na wao waliingia nyuma ya mpini wa jembe, na wezi wakakimbia. Nekesa atanikasirikia, alipopita hapa sasa hivi niliweka kalamu chini nikamwambia, na ameondoka bila kuniaga. Labda hatakuja. Labda wote watakwenda nyumbani wakiona kwamba hakuna tena kinachowalinda, na habari zitavuka mto kabla ya jua kuzama. Naogopa, Mama Amoit. Sikuwahi kukuambia neno hilo ulipokuwa hai.

Nakuahidi sitaingiza bunduki katika nyumba hii. Nakuahidi kwamba nitasema kweli yote Jumamosi hata sauti ikinitetemeka, na kwamba mtu yeyote akipiga nduru baada ya hapo, nitakwenda, na safari hii kila mtu atajua nilichoshika.

Vikombe nitavirudisha mezani leo. Pumzika, mke wangu.

Mimi mumeo,
Mwalimu