Nyanya Kwenye Shamba la Osuga

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia Rodi Kopany mpaka Migori mjini hakuna mkono unaojua udongo kama huu wangu. Nikitema mate, panaota kitu. Mbuzi wa majirani wakija kuiba sukuma yangu hupiga goti kwanza.

Nimemwagilia kitalu asubuhi na jioni. Miche ya nyanya imefika urefu wa kidole gumba. Kitalu kiko shamba langu la chini, palepale nyanya ziliponikaukia mwaka jana. Jua tu lile.

Mwaka huu nabadilisha mazao. Nilifunzwa kwenye semina kule Asumbi: usirudishe zao moja mahali pamoja kila msimu, magonjwa yanakuzoea. Niliondoka baada ya chakula cha mchana. Wali na nyama. Nilikuwa nimeshaelewa.

Jumamosi, 22 Machi

Mpango uko hivi. Shamba la chini, kunde. Nyanya zinahamia kwa Dani, mama yake baba. Nyuma ya nyumba yake ana kipande cha osuga, ile mboga chungu wengine huita managu. Hajawahi kupanda kingine hapo. Siku ya soko akichelewa kufika Rodi, wateja wanampigia simu.

Nimemwomba nusu. Akasema, "Nyakwara, mjukuu wangu, osuga na nyanya ni watu wa boma moja. Tazama maua yao."

Nikamwambia mimi na bata wa binamu yangu Ouma wote tuna miguu miwili, na hatujawahi kuitana ndugu. Alicheka mpaka akakaa chini. Nusu nikapewa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimehamisha miche. Kila mmoja na udongo wake kwenye mizizi, karai baada ya karai, kutoka chini mpaka kwa Dani. Ouma alibeba maji na kunung'unika. "Wewe unapanda ama unabatiza?" Nikamwambia watoto wa mfalme hawavuliwi viatu.

Mgongo unauma.

Jumapili, 11 Mei

Maua kila mahali. Baada ya kanisa nimepitisha watu watano shambani, mmoja mmoja, polepole. Vijana wawili wanataka niwafunze. Nimewafunza saa nzima. Sikuwaambia nilitoka baada ya wali.

Dani amevuna osuga magunia mawili. Nzuri, lakini haina maringo kama nyanya zangu.

Jumanne, 20 Mei

Mche mmoja ulilala mchana. Jioni ukaamka. Jua.

Ijumaa, 23 Mei

Sasa ni miche kumi na mmoja. Majani bado ni kijani kabisa, hakuna manjano, hakuna mdudu. Yamelala tu kama nguo mbichi kwenye ua. Nimeongeza maji. Hayaamki.

Dani aliuliza. Nikasema ni mvua, imezidi. Akakubali. Naogopa.

Alhamisi, 29 Mei

Afisa wa kilimo amekuja na boda. Mama mpole, gambuti mpya. Alikata shina la nyanya, akalishika ndani ya glasi ya maji safi. Tukatazama, mimi, Ouma na Dani. Uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, kama maziwa.

Mnyauko wa bakteria, akasema. Unakaa kwenye udongo. Dawa hakuna. Ng'oa, choma.

Akaeleza kwamba nyanya, osuga, biringanya, pilipili na viazi ni ukoo mmoja. Ugonjwa wa mmoja ni wa wote. Kuhamisha nyanya mahali pa osuga si kubadilisha mazao, ni kubadilisha kitanda tu. Hilo nadhani lilikuwa somo la mchana kule semina.

Akaniuliza miche niliikuzia wapi. Nikasema nilinunua barabarani. Ouma alinitazama.

Dani hakusema lolote kuhusu maua. Afadhali angesema.

Jumanne, 3 Juni

Osuga. Mistari mitatu upande wa mteremko, pale maji ya mvua hupitia yakitoka kwenye nyanya. Imelala.

Tumeng'oa na kuchoma mimi na Ouma. Moshi mwingi. Nimeosha majembe kwa sabuni na maji ya moto. Sina mzaha leo.

Jumatatu, 9 Juni

Osuga yote imeisha.

Afisa amesema kwa simu: mahindi, vitunguu, sukuma au kunde. Osuga isirudi hapo kwa miaka kadhaa. Dani aliuliza kadhaa ni mingapi. Nikakata simu nikasema mtandao umepotea.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemlimia Dani. Tumepanda mahindi. Hana mazoea nayo, anaacha nafasi ndogo kama za osuga.

Wanawake wawili wa soko wamepita kumuulizia. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nilisikia. Aliwaambia mvua ya mwaka huu ilikuwa mbaya, na mjukuu wake alijitahidi sana. Halafu akaniletea uji. Nimekunywa.

Mvua haikuwa mbaya. Udongo wa Dani ulikuwa mzima siku zote. Ugonjwa ulikuwa kwangu, kule chini, tangu mwaka jana, na mimi ndiye niliyeupeleka kwake kwa karai, mche kwa mche. Ouma anajua. Dani hajui. Sijamwambia.