Meno Sita ya Chini

Jumatatu, 3 Machi
Rodi Kopany. Siku ya 43 ya utafiti wa daktari wa meno. Mbwa wanne, kila mmoja meno sita ya mbele ya chini: jumla 24. Daktari aliyatoboa yote hadi kwenye kiini. Manane akaziba kwa saruji ya meno, manane kwa chokaa ya dawa, manane akayapiga leza kwanza kabla ya kuyaziba. Nimepima joto, nimekagua fizi. Hakuna usaha. Miaka 19 natibu mifugo, Ndhiwa hadi Macalder, shule nilijilipia. Bado daktari ananiita "mama wa mbwa."

Alhamisi, 6 Machi
Mbwa hawabweki, siku ya tatu sasa. Wanakula, lakini kimya. Nimegonga sufuria. Kimya.
Daktari kwa simu: "Si afadhali? Majirani wapumzike." Upuzi.

Jumapili, 9 Machi
Dani, nyanya yangu, alipitia bandani kutoka kanisani. Zamani alikuwa janak: aliwang'oa vijana meno sita ya chini walipofika umri, kabla desturi haijafa. Yeye pia hana hayo sita. Mbwa wakaja kwenye wavu, wakaketi mstari mmoja, wakafungua midomo. Mimi huifungua kwa kamba na jasho. 
Dani akacheka. "Nyakwara, mjukuu wangu, kumbe na hawa wamekomaa?"

Jumatano, 12 Machi
Leo Dani hakuja. Wamegeukia nyumba yake asubuhi yote, midomo wazi. Naogopa.
Siku ya 60 watauawa. Daktari anataka mataya mazima, ayakate, alinganishe dawa na leza kwa darubini. Nilimwomba: ng'oa meno, waache hai.
"Jino bila mfupa ni nusu ya jibu. Mama, wewe lisha mbwa."
Nina hasira.

Jumanne, 18 Machi
Nimefanya. Sindano nne za usingizi. Dani akaja na chuma chake bapa cha kung'olea meno. Mikono yake hutetemeka hata akishika kikombe. Leo haikutetemeka. Meno 24 kwenye chupa, kila moja na lebo: mbwa, nafasi, dawa. Nimemharibia daktari utafiti, najua.
Mbwa wa nne aliamka kabla ya jino la mwisho. Hakulia. Alipanua mdomo zaidi.

Alhamisi, 20 Machi
Daktari ameona mapengo. Mataya hayo hayamfai tena, amesema. Amechukua chupa na kunifuta kazi. Mbwa wote wanne ameniachia mimi.
Nimewapikia uji. Wamemngoja Dani aketi, ndipo wakala.