Watoto wa Joho

Alhamisi, 29 Mei 2025

Leo jogoo wangu Joho katimiza miezi minane. Nimemfungua mdomo kumkagua: ulimi mweusi, kaakaa jeusi, hata kooni hakuna palipokosa wino. Kilemba cheusi, kucha nyeusi. Jua likimpiga ubavuni anatoa ukijani, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maji. Nimefuga kuku tangu nimeolewa na bado huyu ananiduwaza. Nasahau hata uji jikoni.

Clever, bwana mifugo wetu, anasema wilaya nzima hajaona mwingine. Jina langu keshaliandika kwa maonyesho ya Nane Nane. Jogoo mmoja na matetea wawili, wote wametoka kwenye mayai matatu aliyonipa sista mmoja wa Ngara. Wa kwake wote waliisha kwa mdondo. Kwa hiyo jogoo wa aina hii ni huyu tu. Akienda huyu, mbegu imekwisha.

Jumapili, 1 Juni

Joho kachinjwa.

Nilikwenda misa ya kwanza. Wakwe wa Nyakahura, wanaomposa binti yetu Nice, tuliwategemea Jumanne. Wamefika leo saa nne, bila simu. Nyumbani alikuwepo mama mkwe wangu peke yake, Bibi Justina. Na kwetu mkwe hachinjiwi tetea, wala kijogoo. Unamchagulia jogoo bora kuliko wote. Basi kachagua. Mimi narudi nakuta manyoya kwenye beseni.

Nikamuuliza, Mama, kwa nini huyu? Akashangaa kweli. Akasema, sasa ningewapa yule mwekundu anayechechemea? Alitaka kuniheshimisha mimi na mjukuu wake. Hasira ilinijaa kifuani, haikupata pa kutokea.

Na hawakula! Mzee Hategekimana, baba wa kijana, alitengewa firigisi na paja. Akaligeuza paja, akaona mfupa mweusi kama mkaa. Akauliza kwa upole huyu kuku alikuwa anaumwa nini. Wakala ndizi na maharage, wakaaga vizuri tu. Watarudi lini, hawakusema.

Sufuria imebaki vile vile. Mimi sikuweza, Baba Nice naye kaisukuma. Mama mkwe kala kipande kimoja huku machozi yanamtoka. Akasema ni tamu.

Jumatatu, 2 Juni

Tetea mmoja mweusi katagia kwenye boksi saa tatu. Nimelishika yai likiwa bado la moto, nikampigia Clever, nia yangu ni kulia kwa mtu tu. Akasema, mama, usilikaange hilo. Kuku jike akishapandwa anaitunza mbegu tumboni, wiki nzima, pengine hata mbili, anaitoa kidogo kidogo. Nimemuuliza mara tatu, akajibu vile vile mara tatu.

Yaani Joho tumempika jana na leo anaendelea kuzaa. Imana, Mungu wetu, mambo yako.

Alhamisi, 12 Juni

Mayai kumi na manne. Kila moja nimeliandika tarehe kwa penseli ya Nice. Matetea sijawatoa bandani hata dakika, yule mwekundu wetu au jogoo wa jirani asije akaniharibia.

Jioni nimeyaweka chini ya Machachari, kuku wetu wa kienyeji, yule anayeatamia hata kifuu cha nazi. Mama mkwe anapita mbali na kiota. Ati kanisani wanasema tunafuga kuku wa mganga. Nikamjibu, kama ni wa mganga, aliyempikia mkwe ni nani? Nimejuta. Nimekwenda kumwomba radhi, akasema mahindi yanahitaji kuanikwa.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimeyapima. Nimeziba dirisha la stoo kwa blanketi, nikawasha tochi ya simu, nikawa nalishikilia yai moja moja juu ya mwanga. Ndani kuna mishipa! Myembamba, myekundu, imetawanyika, na katikati kitone kinachochezacheza. Ni moyo ule. Nikalishika kwa mikono miwili nisiliangushe.

Tisa yana uhai. La mwisho kati ya hayo nimeliandika 11/6 — siku kumi baada ya kisu. Nimelirudia mara mbili, nikadhani ni mkono wangu mwenyewe unaolichezesha. Hapana. Limo.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni. Nikamwonyesha. Alitazama mpaka simu ikazima.

Jumatano, 25 Juni

Machachari hashuki kula. Nimekuta kikombe cha maji pembeni ya kiota, na mtama. Kikombe ni kile cha mama mkwe, cha chai, ambacho hata Baba Nice haruhusiwi kukigusa.

Alhamisi, 3 Julai

Naandika nimekalia ndoo bandani, kwa penseli ile ile ya mayai. Asubuhi Machachari alikuwa anaongea na mayai, nayo yanamjibu. Mpaka sasa wametoka wanne. Weusi midomo, weusi kucha. Mmoja kapiga mwayo nikauona ulimi: mweusi. Nimelia, sikujificha. Manne yamenyamaza, Clever kaniambia nisiyaguse. Kama kati ya hawa kuna jogoo, hakuna ajuaye mpaka wiki ya sita au saba. Jogoo mmoja tu, sitaki zaidi.

Lililobaki ni la 11/6. Lina ufa tangu saa nne. Linagonga, linapumzika, linagonga.

Mama mkwe kapiga magoti kwenye majani, kwa miguu ile yake mibovu, tangu saa nne naye. Analisemesha kwa Kihangaza, maneno ya kumwita mtoto aliyejificha. Mara moja nimemsikia akisema, nisamehe.

Pikipiki imezima nje. Hodi. Ni sauti ya mzee Hategekimana, na leo tena hakupiga simu. Nimeinuka haraka, nikatafuta kanga. Mama mkwe, ambaye maisha yake yote hajamwacha mgeni asimame mlangoni, hakugeuza hata shingo. Kasema, "Mwambie mkwe asubiri kidogo. Huyu ametangulia kuja."

Hodi ya pili hiyo. Tundu limekuwa pana kama kifungo cha shati, na ndani kitu cheusi kinasukuma —