Chupa Zilizosuguliwa kwa Majivu

Baba Achieng,

Mwani wako umekufa wote. Afadhali uyasikie kwangu, mkeo, kabla hujaambiwa na mwingine huko uliko. Ona sasa, naongea kama mwendawazimu.

Ule mwani ulioutia jeni kule ng'ambo ili utoe mafuta mengi, ukaubeba hadi Homa Bay kama mtoto mchanga! Mimi nikiuita uji wako wa kijani. Nawe ukinijibu, "Cheka tu, Mama Achieng. Siku moja malori ya miwa ya Awendo yatakunywa huu uji." Nilikucheka, ndiyo, lakini ulipolazwa ni mimi niliyezitikisa zile chupa kila asubuhi.

Desturi za mazishi za kwenu unazijua. Mimi msichana wa Kegonga, mgeni wa desturi hizo, niliambiwa mjane haondoki kando ya jeneza, nikakaa. Watu wakajaa boma zima, vyombo vya maji ya kunywa vikapungua. Mama yako akaona chupa zako kubwa dirishani. "Yawa, mwanangu aliugua mpaka maji yakamwozea chupani." Akayamwaga kwenye migomba, akazisugua kwa majivu na kuzisuuza kwa maji ya ziwa zikang'aa. Nilisikia chupa zikigongana huko nje, nikadhani ni za soda.

Nilimwandikia profesa wako wa kule ng'ambo nikimwomba mbegu. Akajibu kwa upole: petroli imeshuka bei, mradi umefungwa, mwani wote wa maabara umetupwa. Kumbe uliokuwa umebaki duniani ni huo wetu wa dirishani.

Hata hivyo nilichemsha maji ya ziwa kama ulivyonifundisha, nikazijaza tena chupa, nikiomba kuwe na chembe iliyojificha kwenye kizibo. Zikaota kijani. Weh, nilivyoruka! Nikabeba moja hadi Migori kwa rafiki yako mwalimu wa sayansi. Akachungulia kwenye hadubini. "Shemeji, huu ni wa ziwani tu. Si wake."

Nimechoka, Baba Achieng. Nilikuzika na watu wengi, sasa nakuzika tena peke yangu, na hata wa kulia naye sina. Nikilia, nitasema nalilia nini?

Maana mama yako hajui. Kila mgeni akiingia anamwambia, "Siku ya kumzika mwanangu hakuna aliyeshikwa na kiu. Chupa zake nilizisugua mimi mwenyewe." Hapo tu ndipo uso wake hufunguka kidogo.

Lala salama, mume wangu. Sitamwambia.

Mama Achieng