Masikio ya Kompyuta ya Tumpe

Bondeni, Kyela

Dada yangu Zaina,

Shikamoo. Mama mwamkie kwa niaba yangu na umuulize magoti yanaendeleaje, na shemeji mwambie nimemkumbuka. Mimi mwili wangu mzima. Mvua ya huku haijui kupumzika. Ninyi wa Kondoa mngeomba walau nusu yake. Kanga zangu nimezianika siku tatu na bado zinanuka unyevu. Wenyeji wameshanizoea, asubuhi nikipita wananiita, "Ugonile, dada Hadija," nami naitikia kwa Kinyakyusa changu cha kuombaomba, wanacheka. Kwa hiyo afya ipo. Kinachonisumbua ni wivu, dada, na nakuandikia wewe kwa sababu unanijua tangu nilipokuvunjia kioo chako wiki uliyochumbiwa.

Unakumbuka shirika letu lilipouzwa, sisi wapiga chapa tukaambiwa twende nyumbani. Bwana Salimu, mfanyabiashara wa hapa Bondeni, ndiye aliyeniokota. Kwanza nilikuwa nawapigia watu chapa barua zao nyuma ya duka lake la vitambaa. Kisha akaleta kompyuta tatu na laini ya simu, chumba kikawa cha intaneti, na msimamizi nikawa mimi. Miaka miwili hakuna aliyegusa kitu mle ndani bila kuniuliza. Nilipenda hivyo, sikufichi.

Wateja wetu wengi hawajui anwani za mtandao. Basi kila mmoja nilimwekea alama zake. Maana yake ni kwamba ukishafika mahali utakapopenda kurudi, kompyuta inapatunza kwa jina, siku nyingine unabonyeza jina tu na pale panafunguka. Nilikuwa na alama za mnunuzi wa kakao, za mwalimu wa sekondari, za Mama Anyitike wa Bujonde, na wengine. Na nilipanga kila alama ifunguke kwenye dirisha lake peke yake. Mtu akifungua matano, yapo matano, hakuna linalomkanyaga mwenzake. Niliona ndiyo adabu ya kazi.

Ndipo akaja Tumpe. Ni binti wa hapahapa, hajafika hata thelathini, alikwenda Dar kusomea kompyuta akarudi na sidii moja mkobani. Bwana Salimu akampa mashine ya pili. Akaingiza programu yake, na humo alama haifungui dirisha jipya. Kurasa zote zinapangana ndani ya dirisha moja, kila moja ikichomoza kichwa kwa juu, kama yale masikio ya mafaili kwenye kabati la ofisi yetu ya zamani. Jina lake la Kizungu lipo, mimi nayaita masikio. Unagusa sikio, ukurasa wake unakuja mbele.

Watu wakahama. Kwangu madirisha manane yakifunguka mashine inaanza kuhema, na mteja hajui lipi ni lipi. Kiti changu kikawa kitupu, nao wamesimama nyuma ya Tumpe. Nikiwakaribisha, wananijibu kwa upole, "Asante dada, nangoja ile ya Tumpe." Upole wao ulinikera kuliko dharau.

Nilimwambia Bwana Salimu mbele ya Tumpe, "Mtu akigusa kile kimsalaba cha pembeni, dirisha zima linaondoka na masikio yake yote. Kwangu likifungwa moja, mengine yamebaki."

"Ni kweli dada," Tumpe akasema. "Ila hii inamuuliza kwanza kama ana hakika. Na mashine haichoki."

Ni kweli dada! Angenibishia ningepata pa kumshika.

Bwana Salimu akatutangazia kwamba anafungua chumba kingine Ipinda, na mmoja wetu atakwenda kuwa mkubwa huko. Atatazama, alisema, wateja wanamtaka nani. Jibu nililijua.

Sasa nisikilize vizuri. Adhuhuri moja Tumpe alikwenda kula. Nikakaa kwenye mashine yake, nikatafuta mahali pa kupangia alama, nikabadilisha kitu kimoja: alama isifunguke kwenye sikio jipya wala dirisha jipya, ifunguke palepale, ichukue nafasi ya ukurasa ulio mbele yako. Nilitaka wateja wachanganyikiwe, walalamike, warudi kwangu. Ni kubonyeza mara moja tu. Nikarudi kitini nikatoa daftari langu.

Aliyekuja kukaa kwenye mashine ya Tumpe alikuwa Mama Anyitike. Ni mjane, analima mpunga na kakao Bujonde. Anyitike ni mwanawe wa pekee, yuko Afrika Kusini, na walikuwa hawajasemezana miaka minne tangu wagombane kwa ajili ya shamba la marehemu. Mama yule alijifunza kuandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja ili asimwambie mtu yeyote maneno yake. Mkwewe huwa anaweka picha za mtoto mtandaoni, na alama ya picha hizo nilimwekea mimi mwenyewe, tukaiita "Mjukuu," kisha Tumpe akaihamishia kwenye mashine yake.

Aliandika tangu adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Alipofika mwisho nguvu zikamwishia, akataka amtazame mtoto kidogo kabla ya kutuma, kama alivyozoea, akijua barua itamngoja kwenye sikio lake. Akabonyeza "Mjukuu." Mtoto akatokea akicheka, barua ikaondoka. Tumpe alikuja mbio akarudisha ukurasa nyuma, kisanduku cha maneno kilikuwa cheupe.

Mama yule hakulia. Alisema, "Nilikuwa nimemwambia arudi. Maneno yale sikuyapanga, yalikuja yenyewe." Akajifunga kitenge chake akatoka.

Bwana Salimu alimkaripia Tumpe mbele ya wateja, yeye na mitambo yake ya Dar, na palepale akasema Ipinda ni ya Hadija. Tumpe hakujitetea, kwa sababu aliamini kosa ni lake. Kesho yake asubuhi akavuta kiti karibu yangu. "Dada, ulikuwa sahihi. Nifundishe ile ya madirisha."

Na mimi nikamfundisha! Asubuhi nzima, Zaina, nimeweka mkono wangu juu ya mkono wake kwenye mausi, namwambia fungua hili, punguza lile, naye anaandika kwenye karatasi kila ninachosema. Sijawahi kushinda namna ile, wala sijawahi kujichukia namna ile. Maana najua tangu siku ya kwanza kwamba njia yake ndiyo bora. Ningekuwa mteja ningesimama foleni kwake.

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Niliwaeleza wote wawili, nimesimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Bwana Salimu alininyang'anya Ipinda kabla sijamaliza, akampa Tumpe. Nilimgeukia Tumpe nikitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kuyapokea. Akasema tu, "Mimi nimeshakaripiwa, yamepita. Nenda ukamwambie yule mama."

Nikapanda baiskeli ya abiria mpaka Bujonde, matope yakinirukia hadi magotini. Nilimkuta anageuza kakao juani, jua lenyewe la kuibia. Nilimweleza yote, hata ile ya kukaa kwenye kiti cha mwenzangu akiwa anakula. Mikono yake haikuacha kugeuza kakao.

"Gwe," akaniita kwa Kinyakyusa mwishowe, yaani wewe, "Anyitike angerudi kwa barua ile au asingerudi, sitajua. Na wewe hutajua."

Nilimwomba aje Ijumaa. Nikamwambia nitamwekea mashine yangu peke yake, nitafunga mlango, nitamkalia pembeni mimi mwenyewe mpaka amalize hata ikichukua siku nzima.

"Kuja nitakuja," akasema. "Lakini nitakaa kwa Tumpe."

Dada, pale nilipaswa kuona aibu peke yake. Niliona wivu.

Nisalimie mjomba aliyenifundisha kupiga chapa, na jirani yetu aliyenishonea gauni la safari, na binti yako anayeanza kusoma. Habari hizi mama usimsomee. Mwambie Hadija hajambo na mvua ni nyingi.

Mdogo wako,
Hadija