Maneno ya Baba Kando ya Bwawa

Kamina, Haut-Lomami
Tarehe 25 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Théo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Kile kikohozi chako kimepona? Unakula vizuri, au bado ni mikate tu asubuhi mpaka jioni? Huku ni kiangazi, vumbi limeingia hata ndani ya masufuria, na asubuhi tunajifunika kama watu wa Ulaya. Mimi ni mzima wa mwili. Mpwa wako Léa amefaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na hilo limetufurahisha siku moja nzima.

Kilio cha Baba kilienda kwa heshima. Wazee wa reli walikuja na makoti yao ya kazi, wakaimba kwa Kiluba mpaka kaburini, na tukamlaza kando ya Mama. Hayo nilikueleza kwa simu.

Lakini kuna jambo sikukueleza, na limenikaa kooni zaidi ya mwezi. Kwa simu nisingeweza. Ningesikia umenyamaza, nami ningekata. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Ni habari ya ile video uliyoniomba kwa ajili ya shule yako ya picha huko Liège.

Jumamosi ile, tarehe 13 Julai, nilitoka saa nane mchana na simu uliyonitumia na kile kijiti chake cha miguu mitatu. Baba akaniuliza ninaenda wapi. Nilitaka kumdanganya, maana kwa miaka minne jina lako halikutajwa mbele yake. Halafu nikachoka kudanganya. Nikamwambia, “Théo anaomba picha ya bwawa, tangu jua likiwa juu mpaka giza liingie.” Nikangoja anikaripie. Akaenda kuchukua kabuti lake.

Tulikwenda pole pole mpaka bwawa la nyuma ya reli. Nilifanya kama ulivyoandika: picha moja kila sekunde kumi, ziungane kuwa video, simu kwenye mode avion ili mtu asipige akakatiza kazi, na mkono wangu usiiguse tangu saa tisa mpaka saa moja na nusu. Tukakaa nyuma yake. Wamama waliokuwa wanafua walianua nguo zao, wakaondoka mmoja mmoja. Baba alitafuna muhogo na karanga. Aliitazama simu zaidi kuliko alivyoyatazama maji.

Jua lilipokuwa jekundu ndani ya moshi wa majani yanayochomwa, akaniuliza:

“Éliane, wakati mama yenu alikufa, Théo hakukuwa na makaratasi ya kurudia, njo vile?”

Nikasema ndivyo hivyo, hakuwa nayo. Angetoka huko, asingeruhusiwa kuingia tena.

“Minyi sikujua. Ama nilijua, na sikutaka kujua. Nilikuwa na uchungu, nikatafuta muntu wa kupatia kosa. Nikamwambia asinipigie tena simu hata siku moja.” Akakung'uta maganda ya karanga kwenye magoti. “Miaka makumi tatu na mbili niligeuza njia ya reli hapa Kamina, treni zipeleke batoto ya bantu mbali. Sikuona mubaya. Yangu alipoenda, njo nikakasirika. Mutoto hakukosa kitu. Minyi njo nilikosa.”

Halafu akasimama, akatembea mpaka kwenye maji, akainama kunawa uso. Nikapiga kelele, “Baba, unaingia ndani ya picha!”

Akajibu bila kugeuka, “Acha anione.”

Ndicho kile kivuli ulichoniuliza, kinachopita upesi kabla ya giza. Nilikuambia ni mpita njia. Alikuwa yeye.

Aliporudi, uso wake ukidondosha maji, alisema: “Mupigie sasa. Nataka kusikia sauti yake.”

Théo, hapo ndipo nilipokosa. Simu yangu ya zamani ilikufa tangu Mei, hatukuwa na nyingine ila ile iliyokuwa inafanya kazi yako. Nikamwambia, “Baba, nikiigusa, picha itakatika, na mchana wote utakuwa wa bure. Tutampigia kesho, tukitoka kanisani.” Akanitazama kidogo. “Ni vizuri. Kesho,” akasema, akatia mikono ndani ya kabuti. Tukangoja pale, kwenye baridi, mpaka giza likafunga maji yote. Simu ilipomaliza kazi ikazimika, betri imekwisha, na nyumbani umeme haukuwepo.

Alfajiri ya Jumapili alikuwa ameketi kitandani anafunga kamba za viatu vyake vya ibada. Nilisikia kishindo. Nilipoingia, upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, na mdomo pia. Hakusema tena neno lolote mpaka Ijumaa alipotuacha.

Na kuna la pili. Jumatano ulipozungumza naye, nikiwa nimeweka simu kwenye sikio lake, nilikuambia amenifinya mkono. Si kweli, mdogo wangu. Macho yake yalikuwa yamefumba, na daktari alikwisha kuniambia kwamba hasikii. Nilikusikia unalia, nikatafuta cha kukupa, nikakupa uongo.

Sasa nimekupa kilicho kweli. Sikuongeza neno, sikupunguza. Alitaka kusikia sauti yako, na mimi nikachagua picha. Uliponiambia kwamba walimu wako wameisifu, nilikupongeza, nikaenda kulia jikoni ili Léa asinione.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Nipigie, unigombeze mpaka uchoke, nami sitakata. Ila usinyamaze. Katika nyumba yetu tumenyamaza vya kutosha.

Shangazi Mbombo anakusalimu. Tangu amzike kaka yake haendi tena sokoni, anaketi mlangoni na kuuliza kama umepiga simu. Mzee Kyabu, jirani yetu, amelitunza kaburi, anasema majani hayataota juu yake akiwa hai. Léa anakutumia busu, na anataka umwandikie kwa Kifaransa ili awaonyeshe wenzake.

Mungu aliyewapokea Baba na Mama akutunze uendapo na ulalapo, akufungulie makaratasi yako, akufikishe hapa kwa miguu yako mwenyewe. Nitakuja kukupokea gari la moshi likifika, hata likichelewa siku tatu.

Mimi yaya yako, dada yako mkubwa nikupendaye hata ukinikasirikia,

Éliane